Gigozi Iliyobonyezwa Kitako

Ukisimama mbele ya mama anayeuza maharagwe katika soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Congo, usianze kwa kuangalia maharagwe. Angalia kopo. Gigozi, lile kopo la maziwa ya unga ya Guigoz ambalo Goma na Bukavu wamelifanya kipimo cha mchele, maharagwe, unga na karanga, linajua kusema uongo kwa namna nyingi. Kitako hupigwa nyundo kutoka chini kikavimbia ndani. Ukingo wa juu hukatwa kidogo, kisha hukunjwa vizuri usimkwaruze mtu. Kipande cha katoni hulazwa chini, na unga ukishakifunika nani atakiona? Hata kopo likiwa zima kabisa, bado kuna vidole: vinne ndani, gumba nje, na nafasi ya vidole hivyo ni nafasi ya maharagwe ambayo mnunuzi ameshalipia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kopo lenye upana wa sentimita 13, kitako kikipanda ndani sentimita 1, linapoteza mililita 130 hivi. Kama lilikuwa la lita 2, basi katika kila makopo 15 yaliyopimwa, moja limebaki kwenye gunia la muuzaji. Mnunuzi amekwenda zake, muuzaji anaendelea na wimbo wa kwaya aliouanza, na mchana unaingia.

Tumeanzia kwenye kopo kwa sababu mazungumzo mengi juu ya kuishi wokovu huanzia juu mno: maono, kufunga siku nyingi, kuacha pombe. Yana mahali pake. Lakini Mkristo wa mji huu hukutana na imani yake mara nyingi kabla ya saa sita mchana, na karibu kila mara ni kwa jambo la franka 500. Kwa jambo dogo hivyo mtu hasimami kupiga magoti. Anafanya kile ambacho mkono wake umezoea. Ndiyo maana waliodumu katika uaminifu hapa mjini hawategemei ushujaa wa saa ile; wanategemea maandalizi ya jana yake.

Kwa nini mama mcha Mungu anatumia gigozi iliyobonyea? Wahubiri wengi hujibu kwamba ni tamaa. Hao hawajawahi kuuza. Jibu liko kwenye bei ya mstari. Wauzaji waliokaa mstari mmoja huuza kopo kwa bei moja, na bei ile ilipangwa kwa kopo lililobonyea. Gunia la kilo 100 za maharagwe linatoa makopo kamili 62 hivi ya lita 2. Kopo likibonyea sentimita moja, gunia lile lile linatoa 66. Anayekuja na kopo zima halafu akauza kwa bei ya mstari anatoa makopo manne bure kwa kila gunia, na mara nyingi faida yake yote ya siku ilikuwa ndani ya makopo hayo manne. Wiki ya pili hana mtaji. Wiki ya tatu amerudi kwenye nyundo, na sasa ana hoja: uaminifu haulishi watoto.

Kosa lake halikuwa kopo zima. Kosa lilikuwa kubadili kopo bila kubadili bei. Tuseme mstari unauza kwa 3 000. Kopo kamili, kwa mapato yale yale ya gunia, ni 3 200. Basi auze 3 200 na aseme wazi. Mnunuzi atalalamika siku ya kwanza, hilo ni hakika: “Mama, mbona kwako ni ghali hivi?” Hapo ndipo chupa ya maji inafanya kazi. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1,5, ijaze maji, mimina kwenye kopo lako lililo juu ya ubao ulionyooka. Kopo la lita 2 linameza chupa moja na theluthi. La jirani litafurika mapema. Fanya jambo hili mara moja mbele ya mteja mmoja asiyenyamaza. Yeye atakutangaza hadi mtaa wa Majengo. Usilifanye kwa kopo la jirani yako, wala usimtaje. Ukimwaibisha umepoteza mtu ambaye kesho angekulindia meza ukienda kuchota maji, na umegeuza haki kuwa silaha ya biashara.

Ukiweza, zungumza na mstari mzima kwanza. Haichukui muda mrefu kama unavyofikiri, mradi usianze kwa mahubiri. Anza na upande unaowauma wote: yule muuza jumla aliyewapimia gunia la “kilo mia” lisilofika kilo mia. Mizani moja ya kukodi kwa pamoja inapoonyesha upungufu wa gunia, watu huona wenyewe kwamba kopo lao linafanya kwa wateja kile ambacho gunia limewafanyia wao.

Kuna neno la Yesu katika Luka 6:38 ambalo wahubiri hulitumia sana wakati wa kukusanya sadaka: kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Litoe kwenye sadaka ulirudishe sokoni lilikotoka. Kila mama muuza unga anajua kwa nini kopo husukwa-sukwa: unga uliomiminwa polepole umejaa hewa, na ukilitikisa kopo mara tatu juu ya meza, unashuka kama vidole viwili. Anayemimina kwa upole na kufuta juu kwa kijiti bila kutikisa anauza hewa. Maharagwe hayashuki sana. Unga wa muhogo ndio unaoshuka zaidi. Kwa hiyo kutikisa ni deni, na ile konzi ya matabishi, nyongeza ya juu, ni zawadi. Wengi hutoa matabishi kwa tabasamu ili mnunuzi asiangalie deni.

Noti zilizochanika zinastahili maneno machache. Kila mtu hapa anajua kwamba dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha haipokelewi, hata kama huko inakotoka haina shida. Noti hiyo ikikufikia, kishawishi ni kuipitisha jioni, taa ikiwa hafifu, kwa mtu mwenye haraka: motari wa pikipiki ya kukodi, mzee, mtoto aliyetumwa. Namna iliyo safi ni kumpelekea mbadilisha fedha, kukubali makato yake, na kuyahesabu kama hasara ya siku. Hasara ndogo, lakini inauma, na kuuma huko ndiko kunakokufundisha kuikagua noti kabla mteja hajaondoka. Mahali ambapo noti hizi huishia kwa wingi ni kikapu cha sadaka. Waulize wanaohesabu baada ya ibada: zile zilizobandikwa kwa utepe, zile zisizo na kona. Mtu aliyeogopa kumpa motari noti ile, kwa sababu motari angepiga kelele, alimpa Mungu kwa sababu Mungu hakupiga kelele.

Sasa maandalizi yenyewe. Jioni, kabla ya kulala, mambo machache huamua kama kesho utadanganya. Chenji: anayetoka nyumbani na noti ya 20 000 peke yake atamwambia motari “nitakutumia kwa simu”, na hatatuma. Muda: anayechelewa ndiye anayenunua zamu, ndiye anayepita pembeni, ndiye anayesema “niko karibu” akiwa bado anavaa viatu. Neno hilo “niko karibu” limeua Mathayo 5:37, ile ya ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, katika mji huu kuliko dhambi kubwa unazozijua. Ukiwa bado nyumbani, sema uko nyumbani. Mwenzako atakasirika dakika moja, halafu atajua aketi wapi akusubiri. Na karatasi: leseni, asiransi (bima), kadi ya pikipiki, zote pamoja ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na tarehe zake za kuisha zimeandikwa mahali unapoziona.

Karatasi zinataka kusemwa zaidi, kwa sababu barabarani watu huchanganya mambo mawili. Kuna kunyang’anywa na kuna kununua. Mtu mwenye nguvu akikuzuia bila sababu na kukutoza ndipo upite, umenyang’anywa. Fedha imetoka mfukoni mwako, lakini dhambi haikutoka moyoni mwako. Usijitese. Ila leseni yako ikiwa imeisha mwezi wa tatu na wewe ukampa mtu “ya maji” ili afumbe macho, hapo umenunua, hata kama aliomba yeye. Tofauti hii ni muhimu kwa dhamiri. Waumini wengi huyaweka yote mawili kwenye kapu moja, wanasema “Congo ndivyo ilivyo”, na chini ya blanketi hilo wanalaza ununuzi wao wote.

Mwenye karatasi kamili bado atasimamishwa. Zima pikipiki. Vua kofia. Salimu kwanza, kwa heshima yake: “Mkubwa, habari ya kazi.” Toa mfuko wa karatasi bila kutoa pochi, ukitoa pochi, mazungumzo yamehamia kwenye pochi. Akisema kuna kosa, omba mambo yaandikwe: “Sawa mkubwa, uniandikie basi, nikalipe na nipewe risiti.” Sema kwa sauti ya kawaida, bila kebehi, na uwe tayari kweli kulipa ikiwa kosa lipo. Kisha subiri. Silaha ya anayekuzuia ni haraka yako, na ukiwa umetoka nyumbani nusu saa mapema umemnyima silaha hiyo. Zipo siku haitasaidia. Kuna mahali na saa ambapo kubishana ni hatari kwa uhai, hasa giza likiingia. Hapo toa, nenda nyumbani, mshukuru Mungu. Hakuna aliyetumwa kufia franka elfu mbili.

Yohana Mbatizaji alipofuatwa na watoza ushuru na askari, hakuwaambia waache kazi. Kwa watoza ushuru: “Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.” Kwa askari: wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Ni mafundisho ya kazini kabisa, na yanamgusa pia mtu wa ofisi anayekaa upande wa pili wa meza.

Kwa watu wa ofisi, Goma ina jina lake. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa mwaka 1981, akasoma sheria, akawa mmoja wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant’Egidio na kuwafundisha maibobo, watoto wa mitaani, kusoma. Mwaka 2007 alikuwa kwenye Ofisi ya Ukaguzi ya Congo, OCC, akikagua bidhaa zilizoharibika. Alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza. Mwaka huo huo alitekwa, akateswa, akauawa. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake Kinshasa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenyeheri Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Picha yake sasa imebandikwa kwenye kuta nyingi. Ni vizuri. Hata hivyo, shahidi akishabandikwa ukutani huwa rahisi kumpigia makofi na kusahau kazi aliyokuwa akiifanya: kukagua magunia. Alijiuliza nani atakula chakula kile. Swali hilo ndilo la kubeba kwenda nalo ofisini, kwa sababu karibu kila rushwa ina mlaji wake aliye mbali: mgonjwa atakayepewa dawa iliyopitwa na wakati, mtoto atakayeketi chini ya paa la darasa ambalo saruji yake ilipunguzwa. Yule mlaji hayupo mezani wakati bahasha inapita. Mkaguzi mwaminifu humleta. Anamuweka kwenye kiti.

Na kwa kuwa tunajua ilivyomwishia, si haki kumwambia kijana “kuwa kama Floribert” halafu tumwache peke yake. Ofisini upweke ndio hatari. Bidhaa ikiwa na walakini, ikaguliwe na watu wawili, na ripoti iandikwe siku ile ile: tarehe, saa, namba ya gari au shehena, kilichoonekana, sampuli zilizochukuliwa. Ripoti iende sehemu zaidi ya moja kabla jioni haijaingia. Ikishasajiliwa, kukubembeleza wewe hakuna faida tena, kwa sababu uamuzi hauko mkononi mwako peke yako. Hiyo ndiyo kinga. Usikutane na mwenye mzigo nje ya ofisi, hata kwa soda. Simu yake ikilia usiku, usipokee. Kesho umjibu mbele ya mwenzako. Jibu la kukataa liwe fupi na lisiwe la dini: “Mzee, ripoti imeshaingia.” Ukianza kumhubiria, umemwambia kwamba kizuizi ni moyo wako, naye ataanza kuushughulikia moyo wako, kwa fedha kwanza, kisha kwa vitisho. Mwambie pia mtu mmoja wa nyumbani na mmoja wa shirika kwamba uko kwenye shinikizo. Wakristo wengi huficha jambo hili kama vile ni aibu.

Shirika, kwa msomaji wa mbali, ndiyo jumuiya ndogo ya mtaa ambamo Wakatoliki wa huku husali na kusaidiana. Waprotestanti wana vikundi vyao vinavyofanana. Humo humo ndimo vikundi vya akiba na mikopo, vile tunavyoviita AVEC, huzaliwa, na humo pia hufia. Utaratibu wake ni mzuri. Wanachama kati ya 15 na 30, mkutano kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, mhuri unagongwa kwenye kitabu chake hapo hapo. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Kando kuna mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na msiba. Baada ya miezi 9 hadi 12, wanagawana.

Kinachokiua kikundi cha wacha Mungu kwa kawaida ni heshima. Wizi huja baadaye. Mtumishi wa Mungu anaomba mkopo mara tano ya akiba yake, na nani atamwambia mtumishi hapana? Ufunguo wa pili unaachwa kwa mtunza sanduku “kwa kuwa leo nina safari, na wewe ni mama wa maombi, tunakuamini.” Kitabu hakigongwi mhuri kwa sababu mvua inataka kunyesha, tutaandika wiki ijayo. Kila moja ya huruma hizi inasikika kama upendo. Mwezi wa saba fedha zimepungua, hakuna anayejua ziliondoka lini, na yule mama wa maombi, ambaye huenda hakugusa senti, anaanza kusali shirika nyingine kwa sababu hawezi kuwatazama wenzake machoni. Kufuli tatu zilikuwa zinamlinda yeye.

Kwa hiyo, ukiwa mwenye ufunguo na unasafiri, ufunguo unakwenda kwa mtu wa nne aliyetajwa mbele ya mkutano. Kama hayupo, sanduku halifunguliwi wiki ile. Mkopo wa mtumishi unahesabiwa kama wa muuza nyanya. Na kuhesabu kufanyike kwa sauti, noti moja moja, katikati ya duara, hata kama ni karibu saa ya chakula. Tunajua inachosha.

Tangu mabenki ya Goma yafunge milango Januari 2025, simu imezidi kuwa ndiyo benki, na hapo imani imepata uwanja mpya. Ukipokea fedha ambayo si yako, usiitoe na usiirudishe kwa yeyote atakayekupigia akilia. Angalia kwanza salio lako lenyewe, si ujumbe, kwa maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na wa kweli. Kama salio limeongezeka kweli, wapigie watu wa mtandao wenyewe waigeuze. Ukirudisha mwenyewe kwa namba nyingine, mwenye mali anaweza kudai kwa mtandao ikakatwa kwako tena, nawe umelipa mara mbili kwa wema wako. Wema usiotumia akili humfanya mtu aache wema. Ukiwa wakala na noti ni haba hata unatoza cha juu ili kutoa fedha, taja kiasi kabla mteja hajabonyeza namba yake ya siri. Kutaja baada ya kubonyeza ni gigozi nyingine.

Mshahara wa mtu mdogo hauhitaji maneno mengi. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekupandishia magunia ya viazi kutoka barabarani, patana naye bei kabla mzigo haujapakiwa, na mlipe mzigo unaposhuka. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema jua lisichwe juu ya ujira wake. Yeye ananunua unga wa jioni ile kwa fedha ile. “Pita kesho” yako ni watoto wake kulala njaa. Vivyo hivyo binti wa kazi za nyumbani: mshahara wake usikatwe kwa sahani iliyovunjika wakati wako mwenyewe hukatwi kwa ulivyovunja.

Kwenye robine, yaani bomba la maji, mstari wa bido, madumu ya njano, hukaa juu ya mawe ya lava tangu alfajiri, kila moja ikisimama badala ya mwenyewe. Bido ya mtoto ndiyo husukumwa nyuma, kwa mguu, polepole, kama vile imeteleza. Ukiona, irudishe mahali pake. Huna haja ya kusema neno.

Sauti zinazosambazwa kwa simu ni hatari kuliko yote haya, kwa maana mji wenye hofu huua haraka. Redio trotwari, uvumi wa mitaani, zamani ilitembea kwa miguu. Sasa inafika mji wa Sake kabla hujamaliza kumeza chai. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikusema “isipokuwa umetumiwa na mwingine.” Sauti isiyo na tarehe, isiyotaja anayesema, inayolitaja kabila au jina la mtu na mtaa anaokaa: isimamishe kwako. Usiipeleke hata kwenye kundi la familia ukiuliza “eti ni kweli?” Kuuliza huko nako ni kusambaza. Kama ni onyo la kweli, la mlima au la risasi, mpigie simu mtu mmoja anayekaa sehemu ile umuulize anaona nini. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, waliotoka nje na kuangalia anga jekundu walijua zaidi ya waliokuwa wanasikiliza simu.

Limebaki la kurudisha, nalo ndilo wengi huliruka kwa kusema “Mungu ameshanisamehe.” Zakayo alitaja kiwango: mara nne. Anayejua alimdhulumu nani na aende kwake, asitume mtu, ataje kiasi, asitaje sababu zilizomponza, kwa kuwa sababu hizo humlazimisha mwenzake amfariji. Akikuta hawezi kulipa yote, apeleke ya kwanza mkononi na aseme tarehe ya pili. Lakini mama wa maharagwe atawarudishia akina nani? Wateja walipita elfu, hawajulikani. Njia ambayo imefanya kazi sokoni ni ya kimya: anahesabu siku alizouza kwa kopo bovu, anakadiria makopo yaliyobaki kwake isivyo haki, na kwa muda anawapimia walio wanyonge zaidi, wale wanaonunua nusu kopo au robo, kwa kipimo kinachomwagika. Hatangazi. Akitangaza, imekuwa matangazo ya biashara. Anaweka mstari mmoja wa kalamu kwenye daftari kwa kila kopo alilorudisha, hadi mistari itimie.

Na kopo lenyewe lisirudishwe kwa nyundo. Bati lililopigwa mara mbili hupasuka kwenye mkunjo na kuanza kuvuja unga, na baada ya mwezi linabonyea tena lenyewe. Anunue jipya. Lile la zamani asimpe jirani wala asiliache nyuma ya meza, kwa maana siku ya haraka mkono utalifuata. Alitoboe kitako kwa msumari matundu matano au sita, alijaze udongo, apandie kitunguu cha majani karibu na mlango wa jikoni.